Kabla ya kuandika aov(), uliza kitu ni nani

Leo ninataka kukosoa kitu tunachokipenda sana: namna tunavyofundishana R. Siikosoi R juu ni ngumu. Ninaikosoa juu ni nyepesi mno mahali ambapo ilipaswa kutukatalia. Na ninazikosoa zile skripti tunazotumiana kwa WhatsApp, wiki mbili mbele ya defansi, zenye mistari sita tu: soma data, aov, summary, TukeyHSD, boxplot, mwisho. Skripti inatembea. Matokeo yanatoka. Juri inaona nyota tatu kando ya namba na inaridhika. Hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: kile tulichoipa R ihesabu, ni kitu cha aina gani?

Katika vitabu vya informatika swali hili lina jina kavu: kukagua aina ya kitu na metodi zake. Wengi wetu tunalipita, tunasema hilo ni la wale wa informatika, sisi ni watu wa shamba. Mimi ninasema ni swali la agronomia kabisa. Nitaonyesha hapa chini kwamba likiachwa, mkulima anaweza kupoteza kilo 800 kwa hektari, na kazi yetu ikapata alama nzuri juu ya hapo.

GUNIA NA LEBO YAKE

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Ndani ya R kila unachokipa jina ni kitu: namba moja, safu ya mavuno, jedwali zima lililotoka Excel, hata matokeo ya ANOVA. Na kila kitu kina aina yake. Fikiria gunia katika soko la Kadutu. Nje kuko lebo, ndani kuko mali yenyewe. Fonksio class() inasoma lebo. typeof() inaingiza mkono ndani na kusema mali imehifadhiwa namna gani. str() inafungua gunia mbele ya watu wote: inaonyesha majina ya safu, aina ya kila safu, na namba chache za mwanzo.

Lebo na mali vinaweza kutofautiana, na si kosa. Chukua majina ya mbegu nne za maharagi, uyafanye factor. class() itajibu "factor". typeof() itajibu "integer", juu ndani R imehifadhi 1, 2, 3, 4, na majina yamekaa pembeni kama orodha. Shikeni hilo, tutalirudia.

Metodi nayo ni kazi ambayo kitu kinaweza kufanyiwa kwa namna inayokifaa. Katika Python au Java, metodi inakaa ndani ya klasi ya kitu. Katika R, kwa ile namna ya zamani inayoitwa S3, metodi inakaa upande wa fonksio. Unaandika summary(x). summary inatazama lebo ya x, kisha inatafuta metodi inayolingana nayo: factor inapelekwa kwa summary.factor, jedwali kwa summary.data.frame, matokeo ya aov kwa summary.aov. Lebo isipolingana na yoyote, inaangukia summary.default. Jina ni moja, kazi ni nyingi.

Huu si ujinga, ni kazi ya watu wenye akili. Lugha ya S ilizaliwa Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1970, mikononi mwa John Chambers na wenzake. Namna hii ya klasi na metodi ilijulikana kwa kitabu ambacho Chambers na Trevor Hastie walikitoa mwaka 1992 juu ya modeli za takwimu. Ross Ihaka na Robert Gentleman wa chuo kikuu cha Auckland, New Zealand, waliifuata walipotengeneza R. Nia ilikuwa mtafiti akae mbele ya mashini, aandike neno moja, apate jibu linalofaa kitu alicho nacho. Mimi ninayefanya kazi kwa mashini ya memori kidogo, na umeme unaokuja unapotaka, ninawashukuru kwa moyo.

Lakini fonksio inayopokea kila mgeni kwa tabasamu haimuulizi mgeni ametoka wapi. Hapo ndipo shida yetu inaanza.

MBEGU NAMBA 4 SI MARA MBILI YA MBEGU NAMBA 2

Chukueni jaribio la kawaida la kazi ya mwisho: mbegu nne za maharagi, bloki tatu kamili, parseli 12. Katika daftari la shamba tunaandika mbegu 1, 2, 3, 4, juu majina ni marefu na mvua inakaribia. Tunaingiza vilevile katika Excel. R inaposoma faili, inaona namba, inabandika lebo ya integer. Kisha tunaandika:

aov(rdt ~ variete + bloc, data = d)

R haikatai. Haitoi onyo lolote. summary() inajibu, plot() inajibu. Lakini swali lililojibiwa si swali letu. Sisi tuliuliza: je, mbegu hizi nne zinatofautiana? R ilisikia: namba ya mbegu ikiongezeka kwa moja, mavuno yanaongezeka kwa kiasi gani? Ni kama kuuliza kama mwanafunzi wa namba 40 kwenye orodha ya promosio ana akili mara mbili ya yule wa namba 20.

Alama ya kosa iko pale pale kwenye jedwali, katika safu ya Df, ile ddl tuliyoimeza katika kozi ya biostatistiki. Mbegu nne zinapaswa kuwa na 3, bloki tatu 2, mabaki 6. Zikisomwa kama namba tu, utaona 1, 1 na 9. Jumla ni 11 pande zote mbili, ndiyo maana jedwali linaonekana safi.

Sasa tuweke namba ili tuone hasara. Tuseme wastani wa mbegu ya 1 ni tani 1,2 kwa hektari, ya 2 ni tani 2,0, ya 3 ni tani 2,0, na ya 4 ni tani 1,2. Kila mtu mwenye macho anaona kwamba mbegu mbili za katikati ni bora. Lakini mstari ulionyooka unaopita kati ya nukta hizo nne umelala kabisa, mteremko wake ni sifuri. R itaandika kwamba variete haina athari yoyote, na F itakuwa sifuri. Mwanafunzi ataandika katika hitimisho: hakuna tofauti kati ya mbegu. Mkulima wa Kabare atabaki na mbegu yake ya tani 1,2, wakati ile ya tani 2,0 ilikuwa katika parseli, mbele yetu sisi wote. Hizo ndizo kilo 800 nilizosema.

Kuko jambo baya zaidi. Rudieni jaribio hilohilo, lakini yule mwenye kalamu aanze kuhesabu kwa upande mwingine, mbegu mbili bora zipate namba 3 na 4. Sasa mstari unapanda, na R inaweza kuweka nyota tatu. Mbegu zilezile, udongo uleule, kilo zilezile, jibu jingine kabisa. Sayansi ambayo jibu lake linategemea nani alishika kalamu, mimi sijui tuiite nini.

Mukisha kugeuza safu kwa factor(), swali linakaa sawa: d$variete <- factor(d$variete), na d$bloc vilevile. Mistari miwili.

Lakini tusiende upande mwingine na kusema namba ni kosa daima. Ukijaribu azoti kwa dozi 0, 30, 60 na 90 kilo kwa hektari, unaweza kuacha safu kama namba, juu 60 ni mara mbili ya 30 kweli kweli, na mteremko una maana shambani. Unaweza pia kuifanya factor ukitaka kulinganisha dozi moja moja. Njia zote mbili ni halali, kila moja ina swali lake. Ndiyo maana mashini haiwezi kutuamulia. Mashini haikuwa shambani.

KOMA YETU NA NUKTA YAO

Shida ya pili ni ya kwetu zaidi, sisi tunaosoma kwa Kifaransa. Excel zetu zimewekwa kwa Kifaransa: tunaandika 12,5 kwa koma, na faili ya CSV inatenganisha safu kwa nukta-mkato. R inangoja 12.5. Waliotengeneza R walitufikiria, wakaweka read.csv2(), ambayo inajua koma yetu na nukta-mkato yetu. Lakini skripti tunazookota zinaandika read.csv(), na wengi wanarekebisha sep tu, wanasahau dec. Matokeo yake, safu ya mavuno inaingia kama maandishi.

Hapa R ya leo iko mwaminifu kidogo. Ukiiomba mean() ya maandishi, inakupa NA na onyo. Lakini mbele ya R 4.0.0, iliyotoka Aprili 2020, read.table na ndugu zake walikuwa wanageuza maandishi yote kuwa factor bila kuombwa. Na kati yetu kuko bado mashini zenye R ya zamani, iliyotoka kwenye fleshi ya mukubwa fulani, juu kushusha mpya kunakula mega. Mtu anaona safu yake si namba, anafanya kile kinachoonekana cha akili: as.numeric(). Sasa kumbukeni gunia. Kwa factor, as.numeric() hairudishi yale yaliyoandikwa. Inarudisha zile namba zilizofichwa ndani. Jaribuni wenyewe:

as.numeric(factor(c("10", "20", "5")))

Jibu ni 1 2 3. Parseli iliyotoa kilo 5 imekuwa ya kwanza kwa mavuno, juu R ilipanga maandishi kama kamusi inavyopanga maneno, na kwa mpango huo "5" inakuja nyuma ya "20". Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu. Wastani unatoka, ANOVA inatoka, boxplot nzuri inatoka. Njia sahihi ni kupitia maandishi kwanza, as.numeric(as.character(x)), na kama kuna koma uigeuze nukta kabla ya hapo kwa sub(",", ".", x). Njia bora zaidi ni kusoma faili vizuri tangu mwanzo.

Wale wa Python msicheke. Ni kweli Python inakataa kujumlisha "12" na 5, na katika hilo iko sawa na R. Lakini chukueni pandas, safu yenye maandishi "10" na "20", muombe sum(). Mutapata "1020". Kilo elfu moja na ishirini za maharagi kutoka parseli mbili ndogo, serikali itufungie kwa ulanguzi.

Na tusidhani ni shida ya wanafunzi wa Kivu peke yao. Mwaka 2016 makala moja katika jarida la Genome Biology ilionyesha kwamba karibu moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel zilikuwa na majina yaliyoharibika. Jeni inayoitwa SEPT2, Excel iliigeuza kuwa tarehe 2 Septemba. Hao ni watafiti wenye maabara na pesa. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya, na SEPT2 leo ni SEPTIN2. Ilionekana nyepesi zaidi kubadilisha jina la jeni kuliko kuwazoesha wanasayansi kutazama aina ya safu zao.

KUKAGUA NAKO KUNA NAMNA YAKE

Kuko vijana wachache wanaokagua, na ninawapongeza, lakini wengi wao wanakagua vibaya. Wanaandika: if (class(d) == "data.frame"). Sentensi hii inadhani kila kitu kina lebo moja. Sivyo. Jedwali la paketi ya tibble lina lebo tatu: "tbl_df", "tbl", "data.frame". Matokeo ya aov yana mbili: "aov" na "lm". Toka R 4.0.0 hata matrix ya kawaida inajibu majina mawili, "matrix" na "array", na siku hiyo skripti nyingi za zamani zilianza kuyumba. Toka R 4.2.0, ya mwaka 2022, if inayopewa majibu zaidi ya moja inasimama na kosa. Ninasifu uamuzi huo, juu mbele yake R ilikuwa inachukua jibu la kwanza na kuendelea na safari, ikikuachia onyo tu.

Swali sahihi ni inherits(d, "data.frame"). Haliulizi "jina lako ni hili tu?" Linauliza "wewe ni wa ukoo huu?" Mutu wa kwetu anaelewa haraka: Bahati ni mtoto wa fulani, ni wa ukoo fulani, ni Mushi, ni Mukongomani, yote kwa wakati mmoja. Python nayo iko vilevile: isinstance(x, int) inatazama ukoo, wakati type(x) == int inatazama jina la karibu tu. Lakini hata ukoo unaweza kukushangaza: katika Python, isinstance(True, int) inajibu ndiyo, juu klasi ya bool ni mtoto wa int.

Swali la pili ni: kitu hiki kinaweza nini? Katika Python unaandika dir(x), orodha inatoka. Musijaribu hivyo katika R, dir() ya R inaorodhesha mafaili ya kwenye folda yako. Katika R unaandika methods(class = "aov"), na hapo utaona, pamoja na print na summary, kuna TukeyHSD na model.tables.

Mstari huo mmoja ungeokoa usingizi mwingi. Mbele ya kila kipindi cha defansi ninapata ujumbe wa namna hii: "Mukubwa, R inakatala TukeyHSD, paketi gani njo inakosekana? Nitumie." Anatuma na picha ya skrini. Katika picha R imeandika kwamba hakuna metodi ya TukeyHSD inayofaa kitu cha klasi "lm". Paketi haikosekani. Yeye alitumia lm() badala ya aov(). Hesabu ya ndani ni ileile, lebo ni tofauti, na TukeyHSD inafahamu lebo ya aov. R ilimwambia kila kitu: jina la metodi, jina la klasi, sababu ya kukataa. Lakini hakuna aliyemfundisha kwamba klasi ni neno lenye maana, basi alisoma ujumbe kama laana tu, akaenda kununua mega za kushusha paketi tano.

Hapo ninailaumu formation kuliko mashini. Tunafundisha fonksio kama dawa: hii ya ANOVA, hii ya Tukey, hii ya grafiki. Hata paketi nzuri kama agricolae, ambayo Felipe de Mendiburu wa Peru aliitengeneza kwa ajili yetu watu wa majaribio ya kilimo, tunaifundisha vile: nakili HSD.test, bandika, ondoka. Kitu kinachoingia ndani ya fonksio hakina somo lake.

WALE WA BATA

Kuko hoja ya upande mwingine, na ni ya watu makini. Waprogramu wengi wa Python wanasema: usiulize kitu ni nani. Kikitembea kama bata na kulia kama bata, kichukue ni bata. Omba metodi; ikiwepo, sawa; isipokuwepo, kosa litatokea na utalishughulikia. Kwao kukagua aina kila mahali ni woga, kunafanya programu kuwa nzito na kunazuia vitu vipya vyenye tabia nzuri kuingia.

Kwa anayejenga programu, ninawakubalia nusu na zaidi. Akiita metodi isiyokuwepo, programu inaanguka, anaona, anarekebisha siku hiyo hiyo. Lakini kwetu sisi tunaochambua data, hatari haiko pale metodi inapokosekana. Hatari iko pale metodi inapokuwepo na kujibu swali jingine. Safu ya integer ina kila kitu aov inachokitaka. Bata wetu anatembea, analia, anaogelea, kumbe ni mbegu namba 4 iliyogeuzwa kipimo cha urefu. Kuwa na metodi kunathibitisha kwamba hesabu itafanyika. Hakuthibitishi kwamba hesabu ina maana.

Hoja ya pili ninaisikia kwa wakubwa wetu: sisi ni wataalamu wa kilimo, hatuhitaji kujua mambo ya klasi. Heshima kwao, lakini wao wenyewe ndio waliotufundisha kwamba mbegu haipandwi mbele ya kujaribu uotaji wake. Unahesabu mbegu 100, unazilowesha, unangoja, unahesabu zilizoota. Gunia linaweza kuwa na lebo nzuri na cheti juu yake, lakini bado unajaribu. Kwa nini jedwali la Excel liaminiwe kuliko gunia la mbegu?

R YENYEWE NAYO HAIKWEPI

Nisiwabebeshe wanafunzi lawama yote. Katika S3 lebo ni karatasi tu iliyobandikwa. Andika x <- 1:3, kisha class(x) <- "lm", na R itakubali. Umechukua namba tatu na kuziita modeli. Haitauliza ziko wapi koefisienti, mabaki yako wapi. Itakuja kulalamika baadaye tu, utakapoiomba kazi ambayo mali ya ndani haiiwezi. Chambers mwenyewe aliona upungufu huo. S4, iliyoelezwa katika kitabu chake cha 1998, inataka kila klasi itangaze sehemu zake, na inaruhusu kuweka masharti ya uhalali ambayo kitu lazima kiyatimize kinapozaliwa. Lakini modeli tunazozitumia kila siku, lm, glm, aov, zimebaki S3. Sisi tunaishi katika nyumba isiyo na mlinzi mlangoni, basi lazima kila mmoja awe mlinzi wake.

NINACHOOMBA

Ninaomba mistari sita iingie katika kila skripti inayotumwa kwa mdogo wetu, mbele ya aov yoyote:

str(d)
d$variete <- factor(d$variete)
d$bloc <- factor(d$bloc)
levels(d$variete)
table(d$variete, d$bloc)
stopifnot(is.factor(d$variete), is.factor(d$bloc), is.numeric(d$rdt))

Mstari wa kwanza unafungua gunia. Wa pili na wa tatu vinabandika lebo sahihi. Wa nne unakuonyesha kama "Kabare" na "kabare" vimeingia kama sehemu mbili tofauti, au kama kuna jina lenye nafasi tupu nyuma yake, jambo linalotokea kila mara watu wawili wanapoingiza data. Wa tano unahesabu parseli katika kila bloki, ili ujue kama kuna iliyopotea. Wa mwisho ni mlinzi: kitu kimoja kikikosa kuwa kile unachodai, skripti inasimama pale pale na kukataa kuendelea. Yale ambayo R haitufanyii kwa hiari, stopifnot inatufanyia kwa amri.

Kwa wale wanaokaa katika juri, na baadhi yenu mnasoma ukurasa huu, ombi langu ni dogo zaidi. Halihitaji kujua R. Chukueni jedwali la ANOVA, tazameni Df ya kwanza, hesabuni mbegu katika sura ya metodolojia, toeni moja. Namba zikilingana, endeleeni na p-value. Zikikosa kulingana, msimpigie kijana kelele. Mwambieni arudi kwenye mashini, aandike str(d), na alete jibu kesho yake. Data ni yake, jasho la shambani ni lake, na mara nyingi matokeo ya kweli ni mazuri kuliko yale aliyoyaleta.

Na wewe uliyeshamaliza, una licence yako ukutani, faili la jaribio bado liko kwenye fleshi. Lifungue wiki hii. Kama mbegu bora ilikuwa mle ndani bila kuonekana, wakulima uliowapimia parseli zao bado wako palepale, na msimu wa Septemba unakuja.